Chipu ya Tisa

Duka langu na la Bwanaheri Shekue
limegawanywa kwa ubao mmoja,
Mwembe Tayari, nyuma ya wauza mikoba.
Akikohoa najua ana homa.
Nikimtajia mteja bei, yeye hushusha yake hamsini.
Miaka sita twanyang'anyana simu zilizoanguka majini,
na miaka minne twamiliki hadubini moja.

Tuliinunua kwa kuchanga.
Jumatatu na Jumanne kwangu,
Jumatano na Alhamisi kwake,
Ijumaa hulala imefunikwa leso ya mamangu,
Jumamosi twagombana.

Mamangu hudhani nauza chipsi.
"Chipu, mama. Chi-pu."
"Na mafuta wapata wapi?"

Leo chini ya lenzi kuna bodi ya mizani ya Kilindini.
Imegoma tangu juzi. Karani ameileta
imefungwa gazetini kama mahamri.
Nafuta vumbi, nasogeza taa,
na juu ya kipande kidogo kuliko ukucha wa mtoto
nasoma alama mbili:
ya waliochora,
na ya waliooka.

Nawajua kwa habari tu.
Hawa wamewashtaki wale kwa wizi wa michoro;
wale wamewavutia wahandisi wa hawa kwa mishahara minono;
na bado, kila mwezi,
mchoro wa hasimu huingia tanuri la hasimu,
hutoka umeiva.

Si ajabu kwetu.
Ramadhani, Kibokoni, nikiwa na miaka minane,
Bi Swafiya na Bi Nuru waliuza mkate wa mayai
baraza kwa baraza, bila salamu,
kila mmoja akificha kipimo cha iliki yake.
Lakini tanuri lilikuwa moja, la Bi Nuru,
na saa tisa alasiri Bi Swafiya alituma sufuria kwa mtoto.
Mtoto ni mimi.
Nilibeba siri ya mtu hadi kwenye moto wa mshindani wake
na maneno haya: "Mwambie isiungue, hata kwa bahati mbaya."
Haikuungua hata siku moja.
Ungeungua mmoja tu,
nani tena angeleta sufuria?

Fahali wawili, wasema, hawakai zizi moja.
Waliosema hawakuulizwa bei ya zizi.
Hili lina mashine kubwa kama nyumba,
hewa safi kuliko ya chumba cha upasuaji,
maji yaliyooshwa hadi yakasahau kuwa maji,
nasi hapa mfereji ukikoroma tu twashukuru.

Mwaka huu tanuri lilielemewa.
Wakapakuliwa kwanza wenye magari, wenye mitambo mikubwa,
na mkia wa foleni ukafika hadi kwetu.
Chipu ya chaji, mia tatu jana,
ikawa elfu moja na mia tisa.
Khuzema wa Barabara ya Biashara akaacha kupokea simu.
Siku aliyopokea alisema:
"Trei moja. Kumi. Wewe na jirani yako mtajuana."

Tukajuana. Tukachanga tena, bila kutazamana usoni.
Trei imefika leo adhuhuri,
na kumi si kumi:
shimo moja limesafiri na hewa tupu kutoka ng'ambo.

Nne zangu. Nne zake.
Ya tisa tumeibandika kwa utepe
chini ya kitako cha hadubini,
kwani hakuna pengine duniani palipo petu sote.
Akaniuliza hali ya mama. Nikamuuliza kikohozi.

Sasa ni saa mbili usiku, na leo ni Jumanne.
Naikumbatia hadubini kwa mikono miwili,
ningali nakumbuka uzito wa sufuria,
naizungusha ule ubao hadi mlangoni kwake.
"Bwanaheri," namwambia,
"isiungue."
Hacheki.
Anaipokea, anaiweka mezani taratibu,
na vidole vyake, kabla ya kuwasha taa,
vinapita chini, kuhakikisha.